Kumwamsha Bi Kikohozi

4 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na hiyo mapema, maana mama amekaa hapa pembeni ananikodolea macho aone kama nitaiandika.

Huku sote wazima. Mama mgongo unamsumbua asubuhi, ila mdomo hauna tatizo lolote. Mimi nahangaika kama kawaida. Ile biashara ya viatu imelala. Nilimuuzia mwalimu mkuu jozi moja, akafika shuleni ndipo akagundua vyote ni vya kushoto, akanifuata hadi nyumbani na fimbo. Sasa nauza mayai. Yai halina kushoto wala kulia.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko kwenu. Simu ninayo mfukoni, Mjomba, na dada mshonaji, binti yako, anayo yake. Lakini nikikupigia, kila ninachosema unajibu "sawa, sawa, wasalimie". Juzi nilikuuliza umelalaje, ukasema "sawa, wasalimie". Nikakuuliza umekula nini, "wasalimie". Dada akachukua simu akaniambia, mwandikie tu, barua anazipenda. Haya, naandika. Mkono umeshaanza kuuma na hata sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni Bi Kikohozi, trekta lako. Amekaa bandani tangu ulipohama, vumbi limemfunika, matairi yamekaa chini kama mtu aliyevua viatu. Na sisi misimu miwili tumekodi trekta la watu, misimu miwili linakuja mvua ikishaaga. Mahindi ya mwaka jana yaliishia magotini. Mama amechoka. Anataka kumuuza Bi Kikohozi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, amkatekate, banda libaki wazi. Nimemwomba aningoje hadi mvua zikaribie. Kama nitamwasha, atalima. Kama sitaweza, akatwe.

Mama alicheka. Alisema kazi zangu zote huwa zina mwanzo mzuri.

Sasa Mjomba, wewe ndiye uliyemzima. Ulirudi kutoka shambani siku ile ukasema amekufa, basi. Naomba uniambie: amekufa na nini?

Mpwa wako,
Chapuchapu


19 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mwanangu naye hajambo, ana kazi nyingi, watu wanaoana sana huku. Tunakaa ghorofa ya tatu. Yeye akiwa anashona chumba cha mbele, mimi najua nikiwa kitandani, sakafu inatetemeka hadi kwenye nyayo. Akisimama najua amekatikiwa na uzi.

Jirani wa chini amekuja tena kulalamika kuhusu redio yangu. Watu wa mjini wana masikio mepesi mno.

Kuhusu Bi Kikohozi, mwache. Amefanya kazi yake, amechoka. Mwambie dada yangu amuuze kama anataka. Sitasema neno.

Ila nakujua una kichwa kigumu. Kwa hiyo nakuambia usiguse stata. Ukipiga stata na injini imeshika, utavunja kitu. Kwanza vua nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, kwenye kila tundu mimina dizeli uliyochanganya na oili, kisha ukae mbali naye. Siku nyingi. Najua hujawahi kukaa mbali na kitu chochote siku nyingi, lakini jaribu. Halafu umweke gia ya juu, watu wamsukume mbele na nyuma, taratibu, kama unavyombembeleza mtoto. Usitumie nyundo. Nikisikia umetumia nyundo nitakuja huko kwa miguu.

Nasema tena, mwache.

Mjomba


6 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu na anauliza kwa nini hukujibu swali. Nimemwambia umejibu mengine mengi.

Barua yako ilichelewa. Dereva wa saruji aliisahau nyuma ya kioo cha kuzuia jua, ikaenda na kurudi mara mbili. Imetembea kuliko mimi.

Sasa nikupe habari. Siku ya kwanza niliingia bandani na spana, nimevaa ovaroli la kuazima, nikajiona fundi kweli. Nikafunua kiti. Kuku wangu mmoja amelalia mayai pale pale unapokaliaga. Nikamwambia ashuke, akanidonoa. Nikamwita mama anisaidie, mama akamwangalia kuku, akaniangalia mimi, akasema huyu naye ana kazi anayoimaliza, mwache. Basi Mjomba, ukarabati umesimama hadi vifaranga wametoka. Nimepisha kuku. Hata huko mjini usimwambie mtu.

Vifaranga walipotoka nikafanya ulivyosema. Nozeli nimevua, nne zote, nimezipanga juu ya gunia safi. Nikamimina. Nikakaa mbali. Mjomba, ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kila asubuhi nilikuwa napita pale bandani nasalimia tu bila kugusa.

Kisha nikaita timu yote ya mpira, na makocha wao wawili wasioelewana. Niliwaambia ni mazoezi ya miguu. Wakasukuma mbele, wapi. Nyuma, wapi. Kocha mmoja anasema tusukume pamoja, mwingine anasema tupokezane. Jumamosi ya pili tukiwa tumeshakata tamaa, golikipa ameegemea tairi anafunga kamba za viatu, gurudumu likasogea kidogo. Kitu ndani kikasema "kwii", kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Tukasukuma wote, na makocha wakasukuma, na Bi Kikohozi akaanza kuzunguka ndani. Mama alikuwa mlangoni. Jioni nilikuta maji yangu ya kuoga yameshapashwa moto.

Asante, Mjomba. Bila wewe ningetumia nyundo. Nilikuwa nimeshaiazima.

Sasa nifanye nini? Na swali langu bado lipo palepale.

Chapuchapu


20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kisha nikamsomea mwanangu. Alicheka hadi akashona mkono wa gauni kinyume. Nashukuru. Nyumba hii ilikuwa haijacheka siku nyingi.

Kama injini inazunguka, fuata haya, na usirukeruke.

Rudisha nozeli mahali pake. Mwaga dizeli yote ya zamani. Inua kifuniko cha tangi, unuse. Kama inanuka kama rangi ya nyumba, usiipe hata taa. Osha tangi, badilisha filta. Weka oili mpya. Betri yako ni ya kuazima, najua, basi iazime yenye nguvu. Halafu umtoe upepo. Dizeli ikichanganyika na hewa hafanyi kazi. Legeza nati ya filta, bonyeza kwa kidole ile pampu ndogo ya mkono, povu litoke, mpaka dizeli ije safi, ndipo ukaze.

Akizunguka kwa stata, chukua bisibisi ndefu. Ncha iweke juu ya injini, mpini uubane kwa meno. Hapo utamsikia hata pistoni inavyopumua. Hiyo ni njia nzuri kuliko zote.

Na neno moja zaidi. Ukifika kulima, mama yako asisimame nyuma ya plau. Asije akakaribia. Hata kutoa majani yaliyonasa, asiguse. Hilo silifanyii mzaha.

Haya, wasalimie.

Mjomba


9 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, kila mtu hajambo, mama mgongo, kuku wazima.

Nilifanya yote. Tangi nimeosha hadi mikono imebabuka. Filta mpya. Upepo nimetoa, povu limekwisha, dizeli imekuja safi kama machozi. Betri nimeazima kwa mwenye mashine ya kusaga, ni kubwa kama jiwe la msingi. Nikapiga stata. Bi Kikohozi akazunguka vizuri, Mjomba, akazunguka na kuzunguka, lakini hakukohoa hata kidogo. Wala moshi. Nikabana bisibisi kwa meno kama ulivyosema, nikaonekana kama mbwa na mfupa, watu wakakusanyika kunitazama. Nilisikia kila kitu kinapumua. Ila moto hakuna.

Nikamwita fundi wa kweli, yule wa magari makubwa. Ni mtu mwema, alikuja na pikipiki yake bila maneno mengi. Alilegeza mabomba ya nozeli akaniambia niwashe. Dizeli inafika kwenye pampu, lakini kutoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli haitoki hata tone. Alijaribu kutwa nzima. Mwisho akafuta mikono akasema, pole ndugu yangu, pampu imekufa, na pampu ya trekta hili haipatikani tena. Hakutaka hata kunywa chai, alivyoona uso wangu.

Mama akamwita mnunuzi wa vyuma. Simlaumu. Mvua zinakuja na banda analihitaji. Huyo naye ni mtu mpole, amevaa shati safi, amekuja na chaki. Amechora mistari myeupe kwenye Bi Kikohozi mahali atakapokata kwa gesi. Mmoja shingoni, mmoja katikati, na kila gurudumu na mstari wake. Atakuja na lori lake mwisho wa mwezi.

Mjomba, mara hii sina mzaha. Kila kitu nilichoanza maishani nimekiacha njiani na nikacheka. Viatu, chipsi, kutengeneza simu, kwaya. Hiki nilitaka nikifikishe. Si kwa sababu ya mahindi tu. Mama alikuwa ameanza kunipashia maji ya kuoga.

Hata hivyo asante. Ulinifundisha vingi kwa barua kuliko nilivyofundishwa darasani kwa miaka yangu yote minne.

Chapuchapu


16 Septemba

Mpwa wangu,

Pampu haijafa. Asiiguse mtu. Mwambie mwenye chaki afute mistari yake.

Nisikilize. Bi Kikohozi hazimwi kwa ufunguo. Anazimwa kwa kile kishikio chekundu kando ya usukani. Ukikivuta, kinavuta mkono mdogo pale kwenye pampu, mkono ule unakata dizeli. Ukikirudisha, dizeli inapita. Fundi wako ameona kishikio kimerudi ndani, akajua kila kitu kiko wazi. Hana kosa.

Lakini nenda kwenye pampu yenyewe, upande wa injini, pale ambapo jicho halifiki. Ingiza vidole. Utapapasa grisi nyingi. Ifute. Chini ya grisi kuna waya wa shaba umefungwa. Umeushika ule mkono mdogo mahali pa kuzima injini. Kishikio kule juu nilikichomoa kutoka kwenye mkono huo, kinakwenda na kurudi bure.

Kata waya.

Nimeufunga mimi. Niliufunga ili nozeli zisipate tone, nikaupaka grisi usionekane. Bi Kikohozi hakuwa na ugonjwa wowote.

Usiniulize.

Barua hii nimempa dereva wa saruji mkononi, nimemwapisha asiiweke nyuma ya kioo.

Mjomba


4 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa, mpendwa sana,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya ziada.

Dereva wa saruji alifika hapa mwenyewe, ameshika barua yako kifuani kama mtoto mchanga. Alisema umemshika shati. Nikaisoma nimesimama, nikakimbia bandani na koleo. Mikono ikaingia grisi hadi viwiko. Nikaupapasa waya. Mjomba, uliukaza kweli, mizunguko mingi, na mwisho umeukunja vizuri usimchome mtu. Nikaukata.

Nikapiga stata. Akazunguka. Akakohoa mara moja. Mama akatoka jikoni na mwiko. Akakohoa mara ya pili, moshi mweusi ukapasuka kwenye bomba, kuku wote wakahama banda, vifaranga wakabaki wanatafuta mama yao. Ya tatu akashika. Duk-duk-duk-duk, ileile, mabati ya banda yakaanza kucheza. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaomba, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Fundi wa magari makubwa alisikia kutoka gereji kwake akaja mbio kwa pikipiki. Nilipomwonyesha waya, alikaa chini akacheka hadi machozi, akasema mjomba wako ni mtu wa hatari. Mwenye chaki alipofika na lori lake alikuta tunamwosha. Alitoa kitambaa chake mwenyewe akafuta mistari. Amesema atatuletea mkulima mmoja rafiki yake anayehitaji kulimiwa.

Sasa Mjomba. Umesema nisikuulize, na sikuulizi. Nitasema tu nilichokiona, na wewe unaweza kusoma au kukunja.

Jioni ile mama alikaa kando ya Bi Kikohozi muda mrefu. Akaniambia habari ambayo hajawahi kuniambia. Ile siku ya mwisho uliyolima, majani yalinasa kwenye plau. Ulisimama, yeye akaenda nyuma kuyatoa. Ulipotaka kuondoka hukugeuka. Alikupigia kelele ngoja, ngoja, kwa sauti yake yote, na sauti ya mama unaijua, inavuka mto. Bi Kikohozi akaondoka. Mama aliruka, plau ikakamata pindo la kanga yake ikaichana. Ulipofika mwisho wa mstari ukageuka, ukamwona amesimama na kipande cha kanga mkononi. Anasema alikugombeza mpaka akachoka, kwamba una haraka, una kiburi. Ulikuwa unautazama mdomo wake tu. Jioni ukasema trekta limekufa, na mwezi uliofuata ukahamia kwa mwanao.

Mama alinieleza hayo akaegemea gurudumu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani alinidharau. Kumbe hakunisikia." Akalia kidogo. Si sana, unamjua.

Basi mimi nikaanza kuunganisha. Simu, "sawa, wasalimie". Redio na jirani wa ghorofa ya chini. Cherehani unayoijua kwa nyayo. Na bisibisi. Mafundi wote duniani wanaweka mpini wa bisibisi sikioni, Mjomba. Wewe ulinifundisha kwa meno. Fundi aliponiona aliniuliza nani kanifundisha hivyo, nikamwambia mjomba, akasema basi mjomba wako anasikia kwa mifupa.

Hukuua trekta. Ulimtoa dada yako njiani. Hilo tu ndilo nataka kusema, na asante. Mama yangu yupo hai anazungumza mpaka sasa hivi kwenye mlango wa jikoni, na ningeomba anyamaze kidogo nimalize kuandika.

Sasa sikiliza, yaani soma. Mimi kuendesha naweza, lakini mistari yangu imepinda kama nimefukuzwa na nyuki. Udongo wetu unakujua wewe. Mama amepanga hivi, si mimi: yeye atakaa kwenye bati linalofunika tairi kubwa, nyuma yako. Mkononi mwako, juu ya kiwiko, utafungwa kamba, na ncha nyingine atashika yeye. Akivuta mara moja, simama. Akivuta mara mbili, twende. Majani yakinasa, nitayatoa mimi, na hutaondoka mpaka uvutwe mara mbili. Tumejaribu na mimi kwenye kiti. Inafanya kazi. Amenivuta hadi bega limetoka alama. Anasema amengoja tangu utotoni kukufunga kamba.

Mvua bado. Mawingu yanakuja kupiga picha tu kisha yanaondoka. Dereva wa saruji amesema nafasi ya mbele ni yako, bure, ila usimshike shati tena.

Yule kuku amerudi kwenye kiti. Nimemwambia mwenye kiti anakuja.

Mpwa wako anayekushukuru,
Chapuchapu


14 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili.

Mwanangu amenisomea barua yako mara ya pili, ingawa nilikuwa nimeshaisoma. Alitaka tu kukaa karibu. Alikuwa anajua siku zote, na hakusema kwa sababu mimi sikusema. Leo amekaa mbele yangu, akaongea polepole, nikaona maneno yote. Tumeongea mpaka chai ikapoa.

Kuhusu mengine uliyoandika, umeandika vizuri. Nimeikunja barua nimeiweka mahali ninapoweka vitambulisho vyangu.

Umefanya kazi ya kweli, kijana. Uliianza na ukaimaliza. Kile chakavu ulikipa subira, na hata kuku ukampisha. Mimi sikuwa nayo hiyo subira kwa nafsi yangu mwenyewe. Asante. Mshukuru na fundi kwa kutoharibu pampu, na mwenye chaki kwa kitambaa chake.

Redio nimempa jirani wa chini. Amenitazama kama nimempa nyumba.

Bi Kikohozi asizimwe kwa haraka. Mwache angurume kidogo kila asubuhi mpaka nifike. Weka mkono juu ya boneti. Akitetemeka sawasawa, ujue ni mzima.

Lori linakuja na barua hii kwanza, na safari yake ijayo ndiyo yangu. Nafika na mwanangu, naye anataka kuona shamba. Kamba msinunue nyembamba, inakata ngozi. Na mwambie dada yangu nimekubali kufungwa, lakini asivute kwa hasira za ile kanga. Nyingine nimemchagulia dukani huku, ipo kwenye begi.

Kaka yake,
na mjomba wako